Kisumu Hadi Kakamega kwa Uzi wa Kioo

Kutoka Kisumu hadi Kakamega ni kilomita 50 hivi. Matatu huchukua saa moja na nusu, maana itasimama Mamboleo, itasimama Kiboswa, itasimama Majengo na Mbale, na ikifika Chavakali makanga ataapa kwamba kimebaki kiti kimoja tu hali viti vitatu viko wazi. Mwanga unaopita ndani ya kebo ya faiba kando ya barabara hiyohiyo hutumia robo ya milisekunde, yaani sehemu moja ya elfu nne ya sekunde. Na hapo kioo kimeshaupunguza kasi: mahali pasipo na kitu mwanga huenda kilomita 300,000 kwa sekunde, ndani ya kioo ni kama 200,000 tu.

Mimi ni mtu wa Mombasa, na kwetu habari ya faiba ni habari ya bahari. Juni 2009 Rais Mwai Kibaki alikuja kuipokea TEAMS, kebo ya kilomita kama 5,000 kutoka Fujairah, iliyopiganiwa sana na Bitange Ndemo alipokuwa katibu wa wizara ya habari na mawasiliano. Mwezi uliofuata SEACOM ikawashwa. Mwaka 2010 ikaja EASSy. Kila kebo ilipoguswa na mchanga wa pwani kulikuwa na mahema, hotuba na wapiga picha. Kabla ya hapo maneno yetu mengi kwenda ng'ambo yalipitia setilaiti, kwa madishi makubwa ya Longonot yaliyofunguliwa mwaka 1970, yakapanda kilomita 36,000 angani na kushuka tena. Ukisema jambo, jibu lilichukua nusu sekunde kurudi, na kwenye simu watu wawili walikuwa wakikatizana bila kutaka. Faiba ikaja, magazeti yakaandika kwamba intaneti ya kasi imefika Kenya.

Ilikuwa imefika Mombasa. Nilichotaka kujua, na ndicho kilichonipandisha matatu ya Kakamega, ni jinsi mwanga ule unavyotoka baharini ukaishia kwenye saiba mbele ya lango la Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Masinde Muliro, mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajaza fomu ya mkopo wa HELB huku akiitazama saa.

Kwenye ramani jibu ni jepesi. Mwaka 2007 serikali ilianza kujenga mkongo wake wa taifa, NOFBI, ukilenga kuziunganisha wilaya zote za wakati huo; makampuni ya Sagem, Huawei na ZTE ndiyo yaliyopewa kazi ya kuchimba na kulaza. Kenya Power nayo ina faiba juu ya nguzo zake za umeme, na makampuni binafsi yamelaza zao. Ukizifuata kwa kidole kutoka Mombasa, kupitia Nairobi, Nakuru na Kisumu, unafika Kakamega kwa kilomita kama 870, safari ya milisekunde nne na kidogo. Ramani huchora mstari mnene wa rangi na kuishia kwenye kitone kilichoandikwa Kakamega. Kinachotendeka ndani ya kile kitone hakimo.

Nilikaa dirishani. Mtu akishajua la kutafuta, barabara hiyo humwonesha mengi: vibao vifupi vya zege vinavyochungulia majanini kuonya kwamba chini kuna kebo, mifuniko ya mashimo ya kuungia, mingine imezibwa na udongo mwekundu ulioshushwa na mvua, na juu ya nguzo, mizingo ya kebo nyeusi iliyofungwa kwa waya. Hiyo mizingo nilidhani ni mabaki ya mafundi wavivu. Kumbe ni akiba. Lori likigonga nguzo na kebo ikakatika, fundi hufungua mzingo, akapata mita ishirini au thelathini za kuchezea, asihitaji kuleta kebo mpya na kuunga mara mbili. Mahali pamoja nilihesabu kebo nne tofauti juu ya nguzo zinazofuatana. Nne, zote zaelekea mji mmoja. Mwingine atasema ni ushindani mzuri wa soko. Mimi nasema barabara moja imechimbwa na kutobolewa mara nyingi kuliko ilivyohitaji.

Niliteremka Khayega, kwa sababu fundi niliyekuwa nikiwasiliana naye alinipigia simu kwamba nisiende mjini kwanza. "Njoo huku, mzee," alisema. "Leo utaona kazi yenyewe."

Tingatinga dogo lilikuwa likichimba mtaro wa bomba la maji nyuma ya maduka, na ndoo yake ikapita na kebo ya nyuzi 48. Fundi huyu, kijana wa Butere mwenye shati la mikono mirefu lililochafuka tope, alikuwa amefika na msaidizi wake, binti aliyemaliza masomo Masinde Muliro, ambaye wenzake wote wanamwita Injinia kwa utani ambao naona siku si nyingi utakuwa kweli. Walikuwa wamepata mahali penyewe pa kukatika baada ya kuhangaika kidogo. Mashine ya kupimia, OTDR, hurusha mpigo wa mwanga ndani ya uzi na kusikiliza mwangwi wake. Nusu ya muda wa mwangwi, maana mwanga umekwenda na kurudi, ikizidishwa kwa kasi ya mwanga ndani ya kioo hutoa umbali. Ikawaambia kilomita 43 na kitu kutoka Kisumu. Lakini hizo ni kilomita za kioo, si za lami. Kuna mizingo ya akiba, kuna kebo inayopanda na kushuka, na ndani ya kebo yenyewe nyuzi zimelegezwa kwa makusudi ili zisivutike. "Ukifuata hesabu ya barabara," fundi aliniambia, "utachimba shamba la mtu bure." Kwa hiyo wao huangalia kumbukumbu za mizingo, wanatoa, wanarudi nyuma, halafu wanatafuta udongo uliochimbwa upya. Mara nyingi macho ndiyo humaliza kazi.

Walisimamisha hema dogo kwa sababu mawingu yalikuwa yanajikusanya upande wa msitu. Kakamega mchana ukiona hivyo, una saa moja ya kufanya kazi ukiwa mkavu, pengine chini ya hapo. Ndani ya hema paliwekwa meza ya kukunja, na mambo yakawa madogo ghafla.

Kebo huchunwa ganda la nje. Ndani mna vijibomba vinne vya plastiki, kila kimoja kimebeba nyuzi kumi na mbili zilizolala ndani ya jeli inayonata kama asali mbovu, jeli ya kuzuia maji. Injinia alizifuta moja moja kwa kitambaa na spiriti. Kila uzi una rangi yake, na mpangilio wake hutumika katika nchi nyingi: buluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, manjano, zambarau, waridi, samawati. Fundi anaijua safu hiyo kama mwanafunzi wa madrasa anavyojua alifu mpaka yee, na anaitamka kwa sauti ya chini anapounga, asije akaoanisha kijivu na nyeupe kwenye giza la hema.

Rangi nayo huondolewa kwa koleo maalumu. Kinachobaki ndicho kioo chenyewe, unene wake mikromita 125, chini kidogo ya unene wa nywele mbili. Na hata hicho si chote kinachobeba mwanga. Katikati yake, mikromita tisa tu, ndimo njia. Kioo kinachoizunguka kimetengenezwa kwa namna tofauti kidogo ili mwanga ukigusa ukingo urudishwe ndani usitoke. Ncha hukatwa kwa kikatio chenye wembe wa madini magumu, mkato wima kabisa, la sivyo mashine itaikataa. Vipande vilivyokatika havitupwi chini. Injinia alivichukua kwa mkanda wa gundi na kuvitia kwenye chupa yenye mfuniko, akanieleza kwamba kipande cha namna hiyo kikiingia kwenye ngozi hakionekani, na kikiingia kwenye chakula ni balaa. Kwa hiyo kwenye meza hiyo haruhusiwi mtu na mandazi yake.

Kisha ncha mbili zinalazwa ndani ya mashine ya kuunganisha. Kwenye kioo chake kidogo niliziona zimekuzwa, nguzo mbili za kijivu zikitafutana, zikapanda, zikashuka, zikalingana zenyewe. Cheche ya umeme ikaruka, ncha zikayeyuka na kuwa kitu kimoja. Mashine ikaandika 0.02. Hicho ni kipimo cha mwanga uliopotea kwenye kiungo, kwa desibeli, na 0.02 ni chini ya nusu ya asilimia moja. Juu ya kiungo huvutwa kijineli chenye sindano ya chuma, kikachomwa kwenye tanuri dogo la mashine hiyohiyo, na uzi unawekwa kwenye trei. Uzi mmoja umekwisha. Arobaini na saba bado.

Watu walikuwa wameanza kukusanyika. Mzee mmoja mwenye koti la suti na gumbuti alisalimu, "Mulembe," tukamjibu, akainama kutazama ile kebo iliyochunwa. "Mwanangu," alimwuliza fundi, "na hii ndani yake mna shaba kiasi gani?"

"Hamna, Mzee. Ni kioo tu na plastiki. Hata ukiiuza hakuna atakayeinunua."

"Basi mbona wanaikata usiku?"

Fundi alicheka lakini hakufurahi. Swali la mzee ndilo linalomkosesha usingizi. Wezi wa vyuma chakavu walizoea nyaya za simu za zamani, ambazo kweli zilikuwa za shaba, na kebo nyeusi ni kebo nyeusi mpaka umeikata. Mwaka 2022 serikali ilisimamisha biashara ya vyuma chakavu kwa miezi kadhaa baada ya milingoti ya umeme kuhujumiwa, lakini amri ya Nairobi haimfikii mwenye shoka gizani anayetaka kuhakikisha kwa macho yake. Fundi huyu ana desturi ya kuwaachia wenyeji kipande cha kebo iliyochunwa kila anapotengeneza, ili kizunguke kijijini na kila mtu ajionee. Naona amefanya kazi ya elimu kuliko matangazo mengi ya redio.

Mvua ilipokuja ilikuja na radi. Eneo hili la Ziwa Victoria ni miongoni mwa sehemu zinazopigwa radi sana duniani, na mtu wa Kakamega ana hadithi ya radi kama sisi wa pwani tulivyo na hadithi za papa. Nilimwuliza Injinia kama hawaogopi. Akasema wanaogopa kwa ajili yao wenyewe, si kwa ajili ya kebo. Kioo hakipitishi umeme. Nyaya za simu za shaba zilikuwa zikiileta radi hadi sebuleni; faiba isiyo na waya wa chuma ndani haileti kitu. Vifaa vya wateja vikiungua, radi imepitia kwenye soketi ya umeme, na wateja hawaamini.

Tuliingia mjini jioni ile kazi ilipokwisha. Kakamega ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi, sasa ni ya kaunti, na ina shughuli za mji uliozoea kupokea wageni wenye mafaili. Bustani ya Muliro, soko, uwanja wa Bukhungu, sina la kuongeza kwa yaliyokwisha kuandikwa na wengine. Kesho yake nilipelekwa mahali ambapo kebo huishia: chumba kidogo chenye mlango wa chuma, kiyoyozi kinachounguruma, betri za akiba, na kabati refu lenye taa za kijani. Kampuni sitaitaja, kwani niliingia kwa hisani.

Humo ndimo nilimoona kile nilichokuwa sijakijua kabisa. Kebo yote ile iliyochimbiwa, ikaungwa, ikalindwa, mwisho wake ni kebo fupi nyembamba ya manjano, kipachikodi, na kipachikodi hicho huchomekwa kwenye kijisanduku cha bati chenye urefu wa sentimita sita na upana wa kidole changu cha shahada. Ni moduli ya mwanga. Mafundi huiita SFP. Bila hiyo, swichi, ile mashine ya kabatini inayogawa data, ya mamilioni ya shilingi, ni kiziwi na bubu, kwa sababu swichi inajua umeme peke yake na uzi unajua mwanga peke yake.

Fundi alichomoa moja iliyokuwa haina kazi akanipa nishike. Ni nyepesi mno. Upande mmoja ina matundu mawili, moja la kutuma na moja la kupokea: nyuma ya la kwanza kuna leza ndogo inayowaka na kufifia mara bilioni moja kwa sekunde, au bilioni kumi kwa aina ya kasi zaidi, nyuma ya la pili kuna jicho la madini maalumu linalougeuza mwanga kuwa umeme tena. Kati yao kuna kadi ya saketi yenye kumbukumbu ndogo iliyoandikwa jina la kiwanda, namba ya moduli na uwezo wake, na swichi ikiiuliza hujibu pia ina joto kiasi gani na inapokea mwanga kiasi gani. Upande wa pili kuna meno ya kuchomekea, na meno hayo yamepakwa dhahabu ili yasishike kutu.

Dhahabu hiyo ilinichekesha, kwa mahali tulipokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1930 Kakamega ilivamiwa na Wazungu wenye makoleo baada ya dhahabu kuonekana kwenye mito yake. Serikali ya kikoloni ikabadilisha sheria ya ardhi ya wenyeji mwaka 1932 ili mashamba yachimbwe bila mwenye shamba kupewa ardhi nyingine. Mgodi mkubwa wa Rosterman ulifungwa mwaka 1952, na mpaka leo watu wanachekecha mchanga kule. Injinia aliniambia kwamba wakichimba mtaro wa faiba upande ule, hakukosi mtu wa kuwauliza kwa upole kama ni faiba kweli.

Kuichagua moduli ni hesabu, na hesabu hiyo ndiyo iliyonifungua macho. Kioo cha leo hupoteza desibeli 0.2 hivi kwa kila kilomita, ikiwa mwanga ni wa mawimbi ya nanomita 1550. Zidisha kwa kilomita 50, unapata desibeli 10. Maana yake ni kwamba mwanga uliotoka Kisumu unafika Kakamega ukiwa sehemu moja ya kumi ya ulivyoondoka, kabla ya kuhesabu viungo. Ukitumia moduli ya bei nafuu ya nanomita 1310, upotevu ni kama 0.35 kwa kilomita, na kinachofika hakizidi asilimia mbili. Moduli hiyo, mara nyingi yenye kishikio cha buluu, imetengenezwa kwa kilomita kumi. Inafaa kuunganisha majengo ya chuo, haifai kuvuka Vihiga. Kwa Kisumu unahitaji ile ya kilomita 80. Basi mbona wasitumie ya 80 kila mahali? Nilimwuliza fundi, akanitazama kama mtu aliyezoea swali hilo kutoka kwa wakubwa wake. "Ukiiweka kwenye kebo fupi ni kama kumpigia kelele sikioni mtu aliyekaa nawe. Hasikii, na unaweza kumharibu sikio." Jicho la upande wa pili linaweza kuungua.

Mwanga wenyewe hauonekani. Mawimbi hayo yako nje ya uwezo wa macho yetu, na ndiyo maana ni mwiko kuchungulia ncha ya uzi ulio hai: hutaona kitu, na jicho litaumia. Wakitaka kuona pa kukatika kwa karibu, hutumia kalamu yenye leza nyekundu, na pale penye ufa kwenye kipachikodi panawaka wekundu.

Hata hizo desibeli 0.2 si za bure. Mwaka 1966 Charles Kao, mzaliwa wa Shanghai aliyekuwa akifanya kazi Harlow, Uingereza, aliandika pamoja na George Hockham kwamba tatizo la kioo ni uchafu wake, wala si kioo chenyewe. Wakati huo kioo kizuri kilimeza desibeli kama 1,000 kwa kilomita moja. Kao akasema kikifikishwa chini ya 20 mawasiliano yatawezekana. Mwaka 1970 Robert Maurer, Donald Keck na Peter Schultz wa kiwanda cha Corning, Marekani, wakapafikia. Kao alipewa Tuzo ya Nobeli ya fizikia mwaka 2009, mwaka uleule ambao sisi Mombasa tulikuwa tunapigiwa hotuba ufukweni.

Uchafu bado ni adui, ila sasa umehamia kwenye ncha. Fundi alitia kipachikodi kwenye darubini ndogo ya mkononi akanionesha: duara safi la kijivu, na katikati yake tone la giza, ndiyo zile mikromita tisa. Pembeni palikuwa na chembe ya vumbi. Ikisogea kidogo ikakaa juu ya tone, Kakamega nzima ya kampuni ile inaanza kusuasua, na wateja watapiga simu wakilaumu kebo za baharini. Wakati mwingine wana haki. Februari 2012 meli iliyotia nanga mahali palipokatazwa karibu na Mombasa iliikata TEAMS, na tarehe 12 Mei 2024 EASSy na SEACOM zilikatika siku moja, Afrika Mashariki yote ikatambaa. Lakini hayo ni ya nadra na huandikwa magazetini. Vumbi la chumba hiki, vumbi jekundu linaloingia na viatu vya mafundi, halina gazeti.

Nilisikia pia lalamiko ambalo nadhani ni la haki. Ukubwa wa moduli na namna ya kuichomeka vilikubaliwa na viwanda vingi mwanzoni mwa miaka ya 2000, ili yeyote anunue kwa yeyote. Lakini swichi nyingi zimeandikwa programu ya kusoma jina la kiwanda kwenye ile kumbukumbu ndogo, na zikikuta jina la jirani zinakataa kuiwasha, ingawa leza ni ileile na mara nyingine imetoka kwenye mstari uleule wa kiwanda. Yenye jina linalotakiwa huuzwa kwa bei mara nyingi zaidi. Huo si uhandisi, ni ulafi, na mwisho wa hesabu anayelipa ni yule mwanafunzi wa saiba.

Kwa hiyo nikaenda saiba. Iko ghorofani mbele ya lango la chuo, kompyuta kumi zenye vitufe vilivyofutika herufi, na mama mwenye nayo hukaa karibu na printa asiiache hata kwa chai. Kazi zake azijua kwa misimu: KUCCPS watoto wakisubiri kupangiwa vyuo, HELB vyuo vikifunguliwa, eCitizen ya huduma za serikali mwaka mzima, na Juni yote ni kodi ya KRA, watu wakikimbizana na tarehe 30. Chuo chenyewe, jirani yake, hupata intaneti kupitia KENET, mtandao wa vyuo vikuu vya Kenya. Yeye amevutiwa uzi na kampuni ya mtaani. Ukutani kuna kisanduku cheupe, na fundi aliyenisindikiza akaomba ruhusa, "Mama, niangalie kidogo," akafungua ukurasa wa vipimo. Ulisomeka hasi 26, yaani desibeli 26 chini ya milwati moja.

Nilijifunza pale kwamba hasi 19 ni furaha, na kisanduku cha kawaida cha nyumbani kikifika hasi 28 hakioni tena. Hasi 26 ni kama sehemu mbili na nusu kati ya milioni za wati moja. Nilidhani mwanga umechoka kwa sababu ya safari ndefu. La. Kuelekea majumbani, uzi mmoja kutoka kwenye kile chumba cha mlango wa chuma hugawanywa na splita, kijisanduku kisichotumia umeme, kuwa nyuzi 32. Kugawa mwanga mara 32 hula desibeli 15 kwa uchache, tena katika hesabu isiyo na dosari. Kioo chote cha kutoka Kisumu kilikula 10. Yaani mwanga hupungua zaidi ndani ya kisanduku kimoja juu ya nguzo ya Lurambi au Amalemba kuliko kwa kilomita zote 50 za barabara kuu. Hapo bado hujaweka kiungo kibaya, kipachikodi kilichopindwa nyuma ya kochi, au panya.

Kwa mama wa saiba kosa lilikuwa ncha chafu. Fundi aliisafisha, kipimo kikapanda hadi hasi 21. Mama akauliza deni lake ni kiasi gani. Akaambiwa hakuna. Akatuagizia soda hata hivyo.

Serikali ya sasa imeahidi kilomita 100,000 za faiba nchini, sehemu kubwa juu ya nguzo za umeme, pamoja na vituo vya kidijitali 1,450. Sina ugomvi na kilomita. Ila nimetoka Kakamega nikiamini kwamba kipimo hicho kinapima kile kisicho na shida. Njia kuu ipo, tena zaidi ya moja. Ukitoka mjini kuelekea Shinyalu na msituni, au ukashika njia ya Butere ambako reli ilifika tangu enzi za ukoloni, tatizo ni mita mia chache za mwisho na mikono ya kuziunga: mafundi wangapi wana mashine ya kuunganisha inayofanya kazi, nani ana moduli ya akiba kabatini badala ya kungoja ije na basi kutoka Nairobi, nani amefundishwa kusafisha ncha kabla ya kuichomeka. Serikali za kaunti nazo hupenda kutoza ada kila mita ya mtaro, halafu zikalalamika kwamba vijiji havina mtandao.

Wanaosimamia barabara za kaunti, wa Kakamega na wa kwingine, naomba jambo moja. Mkichimba barabara, lazeni bomba tupu la faiba kabla hamjafukia, na liandikeni kwenye ramani iliyo wazi kwa kila kampuni. Bomba ni rahisi. Kuchimba upya ndiko kunakomaliza fedha. Na wewe msomaji uliyekodi tingatinga la kuchimba msingi kando ya lami, kabla dereva hajashusha ndoo, tembea kidogo majanini utafute kile kibao kifupi cha zege. Ukikikuta, ulizia mwenye kebo kwanza.